Usiikate hiyo misambu miwili

Ndugu yangu, umesema kwenye shamba lako la iliki kule Amani, milima ya Usambara, una misambu sita, ile miti ya msituni yenye mbegu za mafuta; minne inazaa na miwili inachanua tu kila mwaka, na jirani amekushauri uikate upate mbao. Tafadhali weka shoka chini kwanza. Msambu una dume na jike, kama mpapai. Hiyo miwili karibu hakika ni midume, na bila chavua yake hiyo minne haitakupa kitu.

Hakikisha mwenyewe. Okota maua yaliyodondoka, yapasue kwa ukucha. La kike lina kitunda kidogo cha kijani katikati. La kiume limejaa mafungu ya stameni, yaani vijiti vyenye chavua, na hakuna cha kuwa tunda.

Ukitaka kuongeza miti, mbegu zitakuchosha. Zinakaa ardhini miezi mingi kabla ya kuota, na mche unaweza kukaa zaidi ya miaka kumi ndipo uzae. Tena huwezi kujua jinsia yake mpaka uchanue. Ndiyo maana mimi nashauri kubebesha: chukua kikonyo, yaani kijitawi, kwenye jike linalozaa vizuri, ukibebeshe kwenye mche mchanga, uuweke kivulini.

Matunda usiyapandie, yakikomaa huanguka yenyewe. Yaokote mapema, lakini mwachie panya buku machache. Yeye hufukia mbegu huku na huko, na zile anazozisahau ndizo misambu ya msituni. Mti huu asili yake ni Tanzania peke yake, kwenye milima yetu hii.