Mwalimu mgeni Dar, karatasi zako zishike mwenyewe

Kila Januari ikikaribia napokea ujumbe wa walimu kutoka Mombasa, Kisumu, Kampala, mara nyingine hata Bujumbura. Wameitwa na shule ya binafsi Dar es Salaam, wameambiwa mshahara ni mamilioni, na wanataka kujua waje au wasije. Huwa nawaambia waje. Kazi ipo, hasa kwa watu wa Hisabati na Fizikia, na Dar ni jiji linalomvumilia mgeni. Lakini kabla ya kuuliza mshahara, uliza kibali. Walimu niliowaona wakifungasha mizigo ghafla walikuwa wazuri darasani. Kilichowaangusha ni karatasi, na karatasi zenyewe zilikuwa kwenye droo ya mtu mwingine.

Hayo mamilioni tuyamalize haraka. Shilingi moja ya Kenya ni karibu shilingi 20 za Tanzania, kwa hiyo milioni moja ya Dar ni kama elfu 50 za Nairobi. Gawanya kwanza, ndipo ushangilie. Kisha uliza kama kiasi ulichotajiwa ni kabla ya makato au baada yake, maana kuna kodi ya mapato na kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata wewe zaidi ya asilimia 10. Uliza pia kama mshahara wa Juni na Desemba unalipwa kamili, kwa kuwa zipo shule ambazo wanafunzi wakifunga, na hela nazo hufunga. Jibu liwe ndani ya mkataba. Ahadi ya kwenye simu usiihesabu.

Sasa kibali. Unahitaji viwili. Cha kwanza ni kibali cha kazi, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni. Cha pili ni kibali cha ukaazi cha daraja B, cha Idara ya Uhamiaji. Kimoja bila kingine hakikusaidii. Ndugu zangu wa Afrika Mashariki ndio hujikwaa hapa zaidi. Tunavuka Horohoro au Namanga bila viza, tunagongewa muhuri, tunadhani soko la pamoja la mwaka 2010 limemaliza kila kitu. Halijamaliza. Muhuri ule ni wa matembezi, na ukishika chaki nao unafanya kosa, wewe pamoja na mwajiri wako. Tofauti ni kwamba yeye atabaki na shule yake.

Anayeomba kibali ni mwajiri. Sheria inamtaka Kamishna ajiridhishe kuwa juhudi zilifanyika kumpata Mtanzania akakosekana, ndiyo maana mwalimu wa Historia hupata shida kuliko wa Fizikia. Kwa hiyo ukisikia kauli ya "njoo tu uanze, kibali tunashughulikia", rudi nyuma kidogo. Huenda wanashughulikia kweli. Waombe nakala ya ombi lililowasilishwa na stakabadhi ya malipo. Shule inayojiheshimu haitakasirika, na inayokasirika imekujibu. Mimi naona ni heri ukae kwenu muhula mzima ukisubiri kuliko kuingia darasani huku ukitega masikio kila gari geni linapoingia getini.

Kibali kikitoka, kisome. Kina jina la mwajiri, kina kazi, kina tarehe ya mwisho. Hakihami nawe kwenda shule nyingine, hata kama mkuu wa shule ya pili ni rafiki yako na anakuhitaji Jumamosi tu. Tarehe ya mwisho iandike mahali unapopaona kila siku, na anza kumkumbusha mwajiri miezi kadhaa kabla, kwa maandishi. Pasipoti ikienda ofisini kwa ajili ya mchakato, irudi mchakato ukiisha. Hakuna sababu ya msingi ya shule kukuhifadhia pasipoti, hata wakikwambia ni kwa usalama wako.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni hili: katika kukuombea kibali, mwajiri hutakiwa kuonyesha mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi wako. Kwa hiyo usishangae ukipangiwa kijana aliyetoka chuo juzi, akae na wewe, aone unavyoandaa maabara na unavyotunga mtihani. Wapo wageni wanaomficha kijana huyo maarifa wakidhani wanalinda ugali wao. Upuuzi. Mfundishe yote. Kwanza ndilo ulilokujia kisheria, pili huyo ndiye atakayekuwa mwenzako wa kwanza wa kweli katika ofisi ya walimu, na utamhitaji.

Vyeti navyo. Shahada ya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, itambuliwe. Cheti cha sekondari hulinganishwa na Baraza la Mitihani, NECTA. Kisha kuna leseni ya kufundishia. Beba vyeti halisi, matokeo yako ya chuo ya kila mwaka, cheti cha usajili wa ualimu kutoka kwenu na hati ya polisi ya tabia njema. Piga picha kila karatasi, zihifadhi mahali ambapo simu ikiibiwa Kariakoo bado utazipata.

Nyumba. Shule nyingi zitakupa chumba ndani ya uzio, na kwa mwaka wa kwanza chukua, kwa sababu kodi ya Dar hulipwa kwa mkupuo. Mwenye nyumba akikuonea huruma atataka miezi mitatu, wengi wanataka sita, na dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake. Ila jua kuwa siku kazi ikiisha na kitanda kinaisha. Anza kuweka akiba ya kodi mapema, ili uamuzi wa kubaki au kuondoka kwenye shule usije ukaamuliwa na godoro. Ukipanga uraiani, mkataba uandikwe, uende ukajitambulishe serikali ya mtaa, na uulize mita ya Luku, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni ya peke yako au mnachangia. Usishtuke umeme ukinunua ukakuta umekatwa kiasi fulani: tangu 2021 kodi ya jengo hukusanywa kupitia Luku, na kama mita ni yako wewe mpangaji ndiye unayeanza kuilipa. Mwambie mwenye nyumba aifidie kwenye kodi ya pango. Wengine hukubali.

Kaa karibu na shule. Sina mengi ya kuongeza hapo. Foleni ya Dar haina mwalimu wala mkurugenzi, na mvua za masika zikizidi, bonde la Jangwani hujaa maji na Barabara ya Morogoro hufungwa, mabasi ya mwendokasi nayo yanasimama. Kwa sisi tuliokulia Likoni, kwenye feri ya Mombasa, kusubiri pantoni ya Kigamboni si ugeni, lakini hata sisi tumechoka.

Darasani, kitu cha kwanza kitakachokuvuruga kama umetoka Kenya ni pointi. Kwetu A ni pointi 12, na kadiri pointi zinavyopanda ndivyo mzazi anavyochinja mbuzi. Hapa, kwa kidato cha nne, ni kinyume. A ni pointi 1, F ni pointi 5, zinachukuliwa alama za masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi, na mtoto mwenye jumla ya pointi 7 ndiye kinara. Divisheni ya kwanza inaishia pointi 17, ya pili 21, ya tatu 25, ya nne 33, na zaidi ya hapo ni ziro. Alama zenyewe nazo zina mipaka yake: A inaanzia 75, C inaanzia 45, D inaanzia 30. Jifunze hili kabla ya kikao cha kwanza cha wazazi. Mzazi akikwambia mwanawe ana pointi 20, usimpe pole wala hongera kabla hujahesabu.

Mwaka wenyewe una mihula miwili, si mitatu, na mitihani ya taifa ndiyo inayoendesha saa ya shule: darasa la saba Septemba, kidato cha pili na cha nne Novemba, kidato cha sita Mei. Kidato cha tano huanza Julai, kwa hiyo ukiwa shule yenye madarasa ya juu utaanza kufundisha upya katikati ya mwaka. Mtaala ulioboreshwa ulianza kuingia kwa awamu mwaka 2024. Muulize mwalimu wa taaluma, yule anayesimamia masomo, kila kidato kinatumia muhtasari upi, usije ukafundisha mada iliyokwisha ondolewa. Na andalio la somo liandike kweli. Wathibiti ubora wa shule, yaani wakaguzi, hawakutumii salamu kabla ya kuja, na mgeni ndiye ambaye daftari lake huombwa kwanza.

Lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza. Lakini mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amejifunza sayansi yote kwa Kiswahili, na anapofika kidato cha kwanza anapambana na somo na lugha kwa pamoja. Ukimwona kimya usimwite mzito. Mpe nafasi aeleze kwa Kiswahili kwanza, hasa kwenye Fizikia, kisha mjenge sentensi ya Kiingereza pamoja. Kuna wakuu wa shule za "Inglishi midiamu" watakaokukataza. Zungumza nao kwa adabu, waonyeshe madaftari. Mwalimu ambaye hajui Kiswahili kabisa ataumia zaidi ofisini kuliko darasani, kwa kuwa vikao, utani na taarifa za muhimu vyote hupita kwa Kiswahili.

Fimbo lazima niitaje. Kenya ilizuia adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania bado inairuhusu, ila kwa masharti: mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, vinaandikwa kwenye kitabu maalumu, na msichana huchapwa na mwalimu wa kike. Utakuta utaratibu huo haufuatwi kila mahali. Ushauri wangu kwa mgeni ni mmoja: usishike fimbo, hata zamu ikiwa yako, hata wenzako wakikuita mlaini. Likitokea la kutokea, mwenyeji atapewa onyo, wewe utaulizwa na kibali.

Ofisi ya walimu ndipo maisha yako halisi yatakapokuwa, na huko kuna mambo mawili, salamu na michango. Usiingie ukaenda moja kwa moja kwenye meza yako. Zunguka, salimia, shikamoo kwa waliokuzidi, waulize za nyumbani. Sisi Wakenya tuna haraka ya kuingia kwenye hoja, na haraka hiyo hapa husomeka kama kiburi. Ukitaka chaki sema naomba. Mwalimu mwenzako akifiwa, nenda msibani, kaa kwenye mkeka pamoja na wengine, hata kama humjui marehemu. Kadi za michango ya harusi zitakujia wiki ya pili, na kundi la WhatsApp la kamati litakuingiza bila kukuuliza. Toa kulingana na uwezo, toa mapema, lakini usijaribu kuwa mkarimu kuliko mwalimu wa taaluma. Nimewahi kuugua malaria katikati ya mitihani. Mwajiri alituma ujumbe wa kuuliza nitarudi lini, na walimu wakaleta uji, wakagawana vipindi vyangu na kusahihisha karatasi zangu. Walionifanyia hivyo ni wale niliokaa nao kwenye mikeka.

Kuhusu kuongeza kipato, kuwa mwangalifu kuliko mwenyeji. Julai 2025 serikali ilitoa amri iliyozuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwamo uwakala wa kutuma fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni na uchuuzi wa rejareja. Kuweka biashara kwa jina la rafiki Mtanzania si ujanja, maana anayemsaidia mgeni naye anaguswa na amri hiyo. Twisheni za jioni zinazopangwa na shule yako mwenyewe, ziandikwe kwenye mkataba. Nyingine achana nazo.

Mkifikia kuachana, usiondoke kwa hasira wala kwa aibu. Ukiachishwa kazi na unaona umeonewa, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Kwa madai mengine ni siku 60. Wageni wengi huupoteza muda huo wakibembelezwa kwa simu kuwa "mhasibu anaandaa". Endelea kuzungumza na mhasibu, huku fomu iko CMA. Dai cheti cha utumishi, ni haki yako kisheria. Chukua taarifa ya michango yako NSSF, ulinganishe na makato ya kwenye hati za mshahara, mwezi kwa mwezi. Kisha hakikisha kibali kimefungwa rasmi, ukiwa na nakala mkononi, kwa sababu shule ya pili ikianza kukuombea kipya, cha zamani ndicho watakachokuuliza kwanza.