Maswali na Majibu: Mvuke wa angani hauamui, huamuliwa

Wiki hii nimechagua maswali yanayogusa mvuke wa maji ulioko juu ya tropiki, yaani ukanda wa joto wa Ikweta, kuanzia kilomita 10 kwenda juu. Porojo kuhusu mvuke huo zimezidi.

Mvuke hunasa joto kuliko hewa ukaa. Mbona lawama zote wanabebeshwa wenye magari na viwanda? (Msomaji, Dodoma)

Swali hili halichoki kurudi, na wengi wanaolileta hawasomi jibu. Ni kweli mvuke hunasa joto zaidi. Lakini haukai: unaopanda leo, baada ya siku 9 au 10 hivi umeshashuka kuwa mvua. Hewa ukaa tunayoitoa leo, sehemu yake itakuwa bado angani vitukuu vyetu wakizeeka. Tena kiasi cha mvuke ambacho hewa inaweza kubeba huamuliwa na joto lake. Karibu na ardhi, joto likipanda nyuzi 1, uwezo huo huongezeka kwa asilimia 7 hivi. Kule juu, kwenye nyuzi 50 chini ya sifuri, huongezeka kwa asilimia 12 hivi. Hewa ukaa hupasha, mvuke hufuata na kuzidisha. Anayeutaja mvuke ili kuitoa hewa ukaa hatiani ameanza mkiani.

Moshi mweupe wa ndege ni sumu tunayomwagiwa? (Msomaji, Nakuru)

Ni barafu. Nimeshalijibu hili, na silirudii tena.

Mawingu ya radi ya Ziwa Victoria hufika juu kiasi gani? (Msomaji, Mwanza)

Makubwa hufika kilomita 16 na kupita. Usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya ziwa na kuisukuma hewa yenye unyevu ipande. Kilele cha wingu kikigonga dari ya troposfea, tabaka la chini la hewa, kinatandaa bapa na kuacha mawingu membamba ya barafu, ambayo yakiyeyuka hulowesha hewa ya pale. Pembeni, hewa inayoshuka hukausha. Dhoruba hizohizo huua wavuvi wa dagaa, wanaotoka usiku. Utabiri usikilizwe kabla ya kuwasha taa, si baada ya mtumbwi kuyumba.

Kama mawingu hupanda hivyo, kwa nini stratosfea, tabaka la hewa lililo juu ya troposfea, ni kavu? (Mwanafunzi, Morogoro)

Swali zuri kuliko yote. Hewa ya Mombasa siku ya fukuto huwa na molekuli zaidi ya 25,000 za mvuke katika kila milioni. Ikiingia stratosfea hubaki na 4 hivi. Mwaka 1949 mwanasayansi Alan Brewer alieleza sababu: hewa huingia huko kupitia tropiki, kwenye kilomita 16 au 17, penye nyuzi 80 hivi chini ya sifuri. Maji huganda na kudondoka njiani. Mlango huo huwa na baridi kali zaidi Desemba hadi Februari, na hewa inayoingia wakati huo ndiyo kavu zaidi. Mlango huo ukipata joto kwa nyuzi 1 tu, hupitisha karibu nusu molekuli zaidi kwa kila milioni. Usisahau gesi ya methani: ikiungua huko juu, kila molekuli yake huzaa mbili za maji.

Volkano ya Tonga ndiyo iliyoleta mafuriko yetu ya 2023? (Msomaji, Tana River)

Hapana. Yaliletwa na El Niño pamoja na joto la upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi. Mlipuko wa Tonga, nchi ya visiwa vya Pasifiki, wa 15 Januari 2022 ulirusha tani milioni 146 hivi za maji moja kwa moja ndani ya stratosfea, kama asilimia 10 ya yaliyokuwamo, bila kupita kwenye mlango ule wa baridi. Ni jambo kubwa kweli. Lakini mitaro iliyoziba na nyumba zilizojengwa mkondoni mwa mto msiisingizie Tonga.

Kwetu nani anapima? (Msomaji, Arusha)

Nairobi, Dagoretti Corner, hurushwa puto lenye kijisanduku cha vipimo, na hupanda likivimba hadi lipasuke kwenye kilomita 30 hivi. Angalizo kwa wanaochota namba hizo kwa ajili ya tasnifu: kipima unyevu cha kawaida hupooza kwenye baridi ya kilomita 15. Kinachoaminika huko ni kile chenye kioo kinachopozwa hadi kishike jalidi, na ni ghali. Serikali zetu zikinunua, zinunue na hicho.