Ule wimbo wa Anfield ulianzia stejini, na maswali yenu mengine

Mmeniuliza sana kuhusu nyimbo za tamthilia za muziki, zile za stejini watu wanaigiza na kuimba humo humo, na kwa nini hazichuji. Haya twende.

Mimi Liverpool damu. Jamaa yangu wa Arsenal anasema wimbo wetu umetoka kwenye mchezo wa kuigiza, ananichokoza au?

Hapo mpe haki yake kaka. You'll Never Walk Alone ni ya Rodgers na Hammerstein, waliiandika kwa ajili ya tamthilia ya Carousel iliyofunguliwa Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo kule New York, mwaka 1945. Kuna dada anaitwa Julie, mumewe Billy kaenda kuiba, mambo yameharibika kajichoma kisu kafa, Julie yuko pale hajui ashike lipi, basi ndugu yake Nettie anamwimbia. Yaani ni wimbo wa msiba kabisa! Mwaka 1963 vijana wa Liverpool, Gerry and the Pacemakers, wakaurekodi, ukashika namba moja Uingereza, mashabiki wakaubeba uwanjani kwao Anfield na hawajautua mpaka leo, Celtic na Dortmund nao wanauimba.

Sasa sikiliza ulivyojengwa. Unaanza chini, karibu na kuongea, hata asiyejua kuimba anaingia bila shida, afu unapanda kidogo kidogo mpaka kule juu ambako uwanja mzima inabidi uvute pumzi. Na humo ndani hakuna Julie, hakuna Billy, hakuna jina la mji wao. Aliyefiwa anaimba, aliyefungwa tatu bila anaimba, wote unawaenea. Mi naona siri ya nyimbo hizi iko hapo, ziliandikwa kwa mtu mmoja aliyebanwa na jambo moja, ila jina lake limeachwa nje.

Mbona watu wanaongea vizuri tu afu ghafla wanaanza kuimba? Inanikera.

Lakini za Kihindi ulikuwa unaangalia, si ndiyo? Amitabh anakimbizwa, mara wako bustanini wanaimba, na hukulalamika. Bibi naye akisimulia ngano, akifika pagumu anaingiza wimbo nyie mnaitikia, na leo hadithi umeisahau ila kiitikio unacho. Mtu anaimba pale maneno ya kawaida yamemwishia. Akiimba ili dakika ziende tu, hapo hata mimi nakereka.

Kwaya ya shule tulikuwa tunaimba Freedom Is Coming Tomorrow. Ni wimbo wa kanisani?

Hapana dada, huo ni wa Sarafina! ya Mbongeni Ngema, ilianza Market Theatre kule Johannesburg 1987, mwaka uliofuata ikaenda Broadway, ila wengi wetu tumeijua kwa ile filamu ya 1992 ya Leleti Khumalo na Whoopi Goldberg. Ni habari ya wanafunzi wa Soweto na maandamano ya 1976. Ebu angalia huo mwaka 1987 vizuri: Mandela bado yuko jela, alitoka 1990. Kwa hiyo wale watoto stejini wanaimba kesho, na ukumbi mzima hakuna mwenye uhakika kama hiyo kesho ipo. Ngema alifariki Desemba 2023, wimbo wake unaendelea kuimbwa na watoto ambao hata Sarafina mwenyewe hawamjui.

Na Hakuna Matata je?

Hiyo ni ya Elton John na Tim Rice, ilianzia kwenye filamu ya The Lion King 1994, ndo ikapelekwa Broadway 1997. Ilipita mlango wa nyuma.

Kwani zote zinadumu au unatupamba tu?

Wapi, nyingi zinakufa na mchezo wake. Hamilton ya 2015 naiheshimu sana, watu wanaijua albamu nzima kwa kichwa, ila chukua wimbo mmoja humo ukauimbe harusini uone, majina ya wanasiasa wa Marekani wa karne ya 18 mwanzo mwisho, wageni watadhani ni kipindi cha historia. Zinazoishi ni zile zinazochomoka. My Favorite Things ni ya The Sound of Music ya 1959, John Coltrane akaichukua akaipuliza kwa saksafoni karibu dakika 14 kwenye albamu yake ya 1961, neno hata moja hamna na bado unaitambua. Kama una bando zitafute zote mbili, anza na ya stejini.