Hesabu Meno Kabla ya Kununua Mota

Wiki iliyopita msichana mmoja wa Nakuru, aliyekuwa mwanachama wa klabu ya roboti shuleni kwao, aliniandikia akiuliza anunue mota kubwa ya aina gani ili aunde skuta ya umeme, kwa kuwa zile za roboti alizo nazo ameambiwa ni za kuchezea. Swali hilo lilinigusa, kwani maneno hayo hayo niliambiwa hapa Kisumu, mbele ya wenzangu, na mtu niliyemheshimu sana, ambaye alitazama mchoro wangu wa skuta akanirudishia bila kufungua ukurasa wa hesabu. Yaliniuma, na bado yananiuma, lakini skuta ile sasa hunibeba.

Mota zangu pia ni za roboti: ni mbili aina ya CIM, za volti 12, zinazojulikana kutokana na mashindano ya roboti ya FIRST, yaliyoanzishwa mwaka 1989 na Dean Kamen, yule yule aliyezindua Segway, kile chombo cha umeme cha magurudumu mawili cha kusimamia, mwaka 2001. Kila moja ina uzito wa kilo 1.3 hivi, na bila mzigo huzunguka takriban mara 5,300 kwa dakika. Sasa chukua gurudumu la baiskeli ya mtoto lenye kipenyo cha sentimita 30, ambalo kila mzunguko husonga sentimita 94. Ukiliunganisha na mota moja kwa moja, karatasi itakuambia kilomita 300 kwa saa, ilhali barabarani skuta haitang'oka ilipo. Mota itakwama na kuvuta zaidi ya ampea 130, na kwa kuwa mkondo ukiongezeka mara mbili joto huongezeka mara nne, haitachukua muda kuungua. Hapo ndipo watu husema mota ni dhaifu, kumbe kilichokosekana ni meno ya sproketi, yaani gurudumu la meno linalovuta mnyororo: ndogo ikizungusha kubwa, mizunguko hupungua na nguvu huongezeka.

Mimi nilipunguza mizunguko mara 12 kwa hatua mbili: meno 11 yakizungusha 44, kisha 14 yakizungusha 42. Kasi ya juu kwenye karatasi ikawa kilomita 25 hivi kwa saa, na nguvu ya kuzungusha gurudumu ikapanda karibu kwa kiasi hicho hicho. Kazi ngumu ilikuwa kwenye shafti ya mota, yaani mhimili wake unaozunguka, ambayo ina unene wa milimita 8 tu na mfereji wa milimita 2. Fundi wangu wa jua kali pale Kibuye alikataa katakata kuichomelea sproketi, maana joto lingeharibu mota. Alikata kipande cha chuma cha kuifunga sproketi kwenye shafti, akakipiga tupa polepole akikijaribisha mferejini, hadi kikaingia kwa kugongwa kidogo na mpini wa nyundo. Kipande hicho, chembamba kama njiti ya kiberiti, ndicho kinachoisukuma skuta pamoja nami.

Siku niliyopita Mamboleo na kuupanda mlima wa Riat, sikusukuma kwa mguu hata mara moja, na nilipofika juu niliishika mota ikiwa na joto, lakini joto la kuvumilika.

Vijana wenzangu, msikubali kuambiwa kwamba kifaa hakifai na mtu ambaye hajakipigia hesabu. Ukienda dukani kabla ya kuhesabu, utauziwa ukubwa usiouhitaji. Pima mzingo wa gurudumu, hesabu meno, ndipo ufungue mfuko. Fyuzi ya ampea 40 kwa kila mota na breki isiyotegemea umeme ni lazima, na hilo halina mjadala.

Nawe dada yangu wa Nakuru, kwa kuwa umesema nyumbani ni Milimani na utakuwa ukipanda kutoka mjini kila jioni, usiige uwiano wangu. Badilisha hatua ya pili iwe meno 12 kwa 45, upate kupunguza mara 15, ukubali kasi isiyozidi kilomita 20 kwa saa kwenye tambarare, na mota hizo hizo ulizo nazo, kama ni CIM mbili kama zangu, zitakufikisha.