Ufunguo ulio shingoni mwa mkeo

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, nalima korosho, naishi Mingoyo, Lindi. Miaka miwili iliyopita nilioa mwanamke aliyetoka Mbagala, Dar es Salaam, ambako mume wake wa kwanza alimpiga kwa miaka sita. Nilimpokea na mabegi mawili tu. Mwanzoni alikuwa mpole, ana adabu, na mpaka leo hakai kula kabla hajaniuliza kama chumvi imetosha. Lakini tangu ajiunge na kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana pesa, cha wanawake wanaobangua korosho pale Mnazi Mmoja amebadilika. Jumatano haonekani hadi saa kumi na mbili jioni. Amepewa ufunguo wa sanduku la kikundi, anauvaa shingoni hata akilala. Jioni anajifungia uani anajisinga liwa saa nzima, na haendi popote. Mwezi uliopita waligawana hisa, nikamwambia anikabidhi pesa nimalizie pikipiki, akakataa. Sijawahi kumpiga, nilimshika mkono tu. Akaenda kulala siku tatu kwa somo yake, mwanamke aliyemfunda. Mjomba wake yuko tayari kumkalisha chini, anasema hata kule Mbagala yeye ndiye aliyemrudisha mara mbili. Shangazi, nimsaidieje huyu mwanamke ajiamini na aniamini mimi? Au amepata mtu?"

Marahaba, mwanangu. Pole. Kuishi na mtu aliyezoea kipigo, ambaye pengine hushtuka kila ukisukuma mlango, kunachosha, na naamini ulipomuoa ulikuwa na nia njema. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma nazidi kusimama upande wa mkeo.

Tuanze na chumvi. Wewe umeiandika kama sifa. Mimi nimewaona wanawake wa namna hiyo wakipakua. Anaweka sahani, hakai. Anasimama kando na kitambaa mkononi, macho yake hayako kwenye chakula, yako kwenye taya lako. Tonge la kwanza likipita bila neno, ndipo mabega yake yanashuka. Huko Mbagala chumvi ilikuwa na bei yake na mlipaji alikuwa yeye. Miaka miwili unakula mbele ya mtu anayesubiri kofi, halafu unaniambia ana adabu!

Halafu kuna huo mkono ulioushika "tu". Mtu aliyeshikwa mkono kwa wema halali kwa somo yake siku tatu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, hilo unalijua, na pengine ulidhani ndilo lililotokea siku ile. Hapana, mwanangu. Siku ile hukuwa unyasi. Ulikuwa umeshaanza kutambaa. Ulitaka pesa, akakataa, ukatumia nguvu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na kifungu cha 58 kinasema kufunga ndoa hakugeuzi mali ya mmoja kuwa ya mwingine. Hata dini haikupi hiyo pesa, mali ya mke ni ya mke. Wewe mwenyewe, korosho zako zikiuzwa mnadani na AMCOS, chama chenu cha ushirika, ikakuingizia malipo kwenye akaunti, umewahi kumkabidhi yeye zote?

Sasa ufunguo, maana hapo ndipo barua yako iliponishika.

Unajua sanduku la kikoba linavyofungwa? Lina makufuli matatu, na funguo tatu zinashikwa na watu watatu tofauti, asiwepo mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Ndani mna hisa, mna mfuko wa jamii wa kusaidiana kwenye misiba na magonjwa, mna madaftari. Ufunguo kama huo hapewi mtu yeyote aliyepita njiani. Wanawake wanakaa, wanatazamana, wanakumbushana nani alichelewesha rejesho na nani ana mdomo mwepesi, ndipo jina linatajwa. Hukuniandikia mkeo alikuwa akiambiwa nini kule Mbagala, na nadhani hujawahi kumuuliza. Karibu wote huambiwa maneno yale yale: huna akili, huna kwenu, bila mimi utakufa njaa. Mtu akiyasikia hayo miaka sita huanza kuyasema mwenyewe, kimyakimya, akichota maji, akikoka moto. Halafu siku moja yuko mkekani na wenzake, wanamtaja yeye. Wanamwambia, shika wewe. Ulitaka auweke wapi huo ufunguo? Juu ya kabati?

Unauliza umsaidieje ajiamini. Mkeo ameshaanza kujiamini, na dawa ameipata kwa wanawake wenzake, hakuipata kwako. Hilo ndilo linalokuuma, na pikipiki ni kisingizio.

Usiwaonee wivu. Nenda siku moja ukawatazame wakiwa kazini, kwa mbali. Wanakaanga, moshi mweusi unapanda, wanageuza vichwa pamoja. Wanajipaka majivu viganjani, yale mafuta ya ganda yasiwababue. Mmoja akiinua mkono kufuta jasho, gauni linarudi nyuma, kovu linaonekana. Hakuna anayeguna. Mwenzake anaendelea kugonga korosho yake, anasema, "Langu liko mgongoni," na kazi inaendelea. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba hapa Tanzania wanawake 4 kati ya 10 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Kwa hiyo pale uwanjani wakikaa kumi, mkeo huenda si peke yake. Hahitaji kuanza hadithi tangu mwanzo. Akinyamaza, wanajua kimya hicho kinatoka wapi. Wewe ungemuuliza, "Sasa umenuna nini?"

Na liwa. Mwili uliopigwa, mwenyewe huuona kama si wake. Huoga harakaharaka, hujifunika, kioo hakitazami. Mwanamke huyo akifika mahali akachukua kipande cha liwa, akakaa chini, akakisaga juu ya jiwe na maji kidogo mpaka harufu ikatoka, akajipaka mikono, akajipaka shingo, amesafiri mbali kuliko Mbagala na Mingoyo. Anaurudisha mwili wake nyumbani. Wewe unaona saa nzima imepotea. Umeandika mwenyewe kwamba akimaliza haendi popote, na hapo swali lako la "amepata mtu" limejijibu. Lione haya, usilirudie.

Mjomba abaki kwake. Sisi watu wa kusini, Wamwera, Wamakonde, Wayao, ukoo tunauhesabu upande wa mama, na neno la mjomba lina uzito wake. Uzito huo nauheshimu. Lakini mjomba aliyempandisha mpwa wake basi mara mbili kumrudisha kwenye kipigo hana tena la kumwambia zaidi ya samahani. Ukimwita huyo, mkeo ataelewa jambo moja tu: kwamba na wewe umejiunga nao.

Mimi mwenyewe sijitoi katika lawama hii. Nimekuwa kungwi. Kuna mwali nilimfunda kwa mdomo wangu kwamba ya ndani hayatoki nje na mume ni wa kuvumiliwa. Miaka mitatu baadaye alinigongea usiku, akafungua pindo la khanga, akanionyesha jino lake. Alikuja kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyemkataza kuwaambia wengine. Tangu usiku ule silitamki neno vumilia kwa mwanamke yeyote kabla sijamuuliza anavumilia nini. Makungwi wenzangu mnaosoma hapa, na nyinyi ulizeni kwanza.

Wanaume wa siku hizi mna ugonjwa mmoja. Mnaoa mwanamke aliyeumizwa, halafu mnadai shukrani kama mtu anayedai rejesho. "Nilimpokea na mabegi mawili tu." Miaka miwili bado unayahesabu mabegi! Wazee walikuwa wakimuuliza kijana anayetaka kuoa mwanamke aliyetoka kwenye ndoa mbaya: una subira kiasi gani? Leo watu wanaulizana ana mtaji kiasi gani. Mnampenda akiwa mnyonge, kwa sababu mnyonge hana swali wala hesabu. Akianza kunyoosha mgongo, mnasema kikundi kimemharibu. Nawaambia na wanawake pia, hasa mama wakwe na mawifi: mwanamke aliyetoka kwenye kipigo akicheka kwa sauti, mwacheni acheke. Akinunua khanga mpya kwa pesa yake, msiulize ameitoa wapi. Ndoa haivunjwi na kikoba. Nimeona ndoa nyingi zikivunjika, na karibu zote zilianza kuvunjika pale mmoja alipoogopa kusema hapana ndani ya nyumba yake.

Mkeo alisema hapana. Kwa pesa yake, mbele yako, baada ya miaka sita ya kutosema. Kisha akatoka, akaenda mahali salama, akarudi. Ungekuwa na akili ya utu uzima siku ile ungefurahi, maana mwanamke asiyekuamini hata kidogo asingethubutu kukataa, na akishatoka asingerudi.

Kwa hiyo sikiliza. Mwombe radhi kwa mkono ule, na usimalize kwa "lakini na wewe". Ukishasema, ondoka, usisubiri akujibu. Pesa za kikoba usizitaje tena mpaka azitaje yeye. Ukirudi nyumbani piga hodi kutoka mbali, hata kama ni kwako, asikie ni nani kabla mlango haujasukumwa. Yaliyompata Mbagala usimchokonoe. Akitaka kuyasema atayasema, na pengine atamwambia somo yake na wewe usiyasikie kamwe. Usingizi ukimkataa au woga ukizidi, halmashauri ina afisa ustawi wa jamii, mweleze kwamba yupo na umwache aamue. Na wewe unaweza kwenda kumwona peke yako, ukamweleza ule mkono ulivyokwenda wenyewe. Mkono huo ukimwendea tena, mkeo ana haki ya kufika Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na mimi nitamwambia aende. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo usimwambie mtu amesahau au hajasahau.

Jumatano mwache aende. Mbebee ndoo ya korosho mpaka barabarani, kisha rudi shambani kwako. Jioni pika wewe, hata kama ni muhogo na dagaa. Pakua, kaa chini, mwambie, karibu tule, na usimwulize chochote.

Usiniandikie tena habari za pikipiki. Niandikie siku atakayokaa, akala, na akasahau kukuuliza chumvi.