Mtoto wa miaka minane bado anahesabu kwa vidole

Kama bado anatafuta 8 + 7 kwa vidole, usimkataze. Mpe njia ya haraka zaidi, ataviacha mwenyewe.

Anza na jozi za kumi. Kata kadi 36, andika 1 hadi 9, kila namba mara nne. Tandaza 12 zikiangalia juu. Kwa zamu mnachukua mbili zinazotimiza 10, kisha mnajaza mapengo. Mwishoni haitakiwi kubaki kadi hata moja. Ikibaki, kuna aliyekosea, na watoto hupenda sana kumsaka (hasa akiwa mzazi). Jozi zikishamkaa kichwani, 8 + 7 inakuwa 8 + 2 + 5. Wengi hukwama hapo kwenye kuigawa 7 kuwa 2 na 5, basi mpe mbegu saba azigawe kwa mkono.

Mara 9 ni nyepesi: zidisha kwa 10, toa namba yenyewe. 9 × 7 ni 70 − 7, yaani 63. Angalia asitoe 9.

Ujanja wa 11 ndio unaowachangamsha. 11 × 36: tenganisha 3 na 6, katikati weka jumla yao, 396. Ila 11 × 78 atakuandikia 7158, kwa kuwa 7 + 8 ni 15. Mwonyeshe kwamba 5 inabaki katikati na 1 inaongezwa kwenye 7: jibu 858. Kisha mwache ahakiki kwa 780 + 78, la sivyo atabaki na mazingaombwe tu.

Dakika kumi kwa siku zinatosha, na msipimane kasi kwa saa mpaka awe anapata majibu bila kusita.