Mchezaji wa Duret: ni shaba au zinki?

SWALI: Mhariri, salaam. Nimerithi sanamu ya kijana anayecheza dansi, kashika kastaneti, vile vibao vidogo vya kugonganisha kiganjani. Ina kimo cha sentimita 43 hivi, na kwenye kitako pameandikwa "F. Duret" na "Delafontaine". Ikiguswa inayumba. Je, ni shaba kweli? Na niisafishe vipi? – Msomaji, Marseille

JIBU: Ndugu msomaji, huyo ni mvuvi kijana wa Naples akicheza tarantela, dansi ya kusini mwa Italia. Mchongaji Mfaransa Francisque Duret (1804–1865) aliionyesha sanamu hiyo mwaka 1833 kwenye Salon, maonyesho ya sanaa ya Paris, na ile ya asili, ya shaba, yenye kimo cha mita 1.58, iko katika makumbusho ya Louvre. Ilipendwa mno, ndipo Delafontaine, mtengenezaji wa sanamu za shaba, akatengeneza nakala ndogo za kuuza.

Mwaka huohuo mchongaji mwingine, François Rude, naye alileta mvuvi kijana wa Naples, lakini wa marumaru: ameketi chini, anachezea kobe. Marumaru hustahimili kugandamizwa, ila ikipindwa hukatika. Kifundo kimoja cha mguu cha marumaru kisingebeba mwili mzima bila kigogo cha kuegemea. Shaba iliyochanganywa na bati hubeba, tena sanamu huwa na uwazi ndani. Ya Duret ilisubiwa na fundi Honoré Gonon kwa nta: tabaka la nta huwekwa kati ya kiini cha ndani na kalibu ya nje, nta huyeyushwa itoke, kisha shaba humiminwa mahali pake. Nakala za dukani kwa kawaida zilisubiwa kwenye mchanga, vipande vipande, kisha zikaungwa. Tazama viganja na mabega kwa kioo cha kukuzia. Huko ndiko maungio hujificha.

Sasa upimaji. Sumaku haisaidii, maana haivuti shaba wala zinki. Ilaze sanamu juu ya blanketi, ukwaruze kidogo sana kwa ncha ya sindano ndani ya kitako, pasipoonekana. Rangi ya manjano au wekundu ni shaba. Weupe wa kijivu ni zinki iliyopakwa rangi. Igonge kwa ukucha: shaba hulia na mlio hudumu, zinki hutoa mlio mfu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 tu za Selsiasi, hivyo ilikuwa rahisi kuisubu, lakini ni dhaifu. Mchezaji wa zinki akianguka, kwa kawaida huvunjikia kwenye kifundo cha mguu.

Kuyumba kusikutie hofu kabla hujatazama chini. Mara nyingi mguu hushikwa na bolti na nati chini ya kitako, na nati hulegea. Shika kiwiliwili, usishike mkono wala kastaneti, ukaze nati taratibu ukiweka washa (kipete bapa) ya ngozi chini yake. Ikigoma, acha; ukilazimisha utaupasua mguu. Na ukiona ufa kwenye kifundo chenyewe, mpelekee fundi wa kuhifadhi sanamu, si fundi wa kuchomelea.

Kusafisha: ndimu na majivu ya sufuria za bibi viache jikoni, pamoja na dawa ya kung'arishia shaba. Ile rangi ya hudhurungi si uchafu. Iliwekwa makusudi kwa dawa na moto, na ikitoka hairudi kwa kusugua. Pangusa vumbi kwa brashi laini, paka nta safi nyembamba, subiri ikauke, ng'arisha kwa kitambaa cha pamba. Ukiona madoa ya kijani mepesi yanayodondoka unga, usipake nta juu yake: ni chumvi inayoila shaba, na unyevu ndio chakula chake. Iweke pakavu, umwite fundi.

SWALI: Nina nakala mbili za sanamu moja, ila moja ni fupi kwa nusu sentimita hivi, na vidole vyake havionekani vizuri. Kwa nini? – Msomaji, Brussels

JIBU: Inaelekea ile fupi ilisubiwa kwa kalibu iliyochukuliwa kwenye sanamu ya shaba iliyokwisha kamilika. Shaba ikipoa hunywea kama asilimia 1.5 hadi 2, na kila kalibu hufifisha alama ndogondogo. Pima kutoka unyayo hadi utosi, usipime kitako, vitako hubadilishwa.